Pikapu gani kwa lapu stili ya kujitengenezea, na niifungeje?

Gogo_la_Mvule

Habari zenu mafundi. Naomba mwongozo kabla rauta (mashine ya kuchimba mbao) haijagusa mbao.

Mbao ni mvule, urefu sm 82, upana mm 100, unene mm 44, imeshapigwa randa. Ni lapu stili (gitaa la kulaza mapajani, linalochezwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi) ya nyuzi 6, na kutoka nati ya kichwani hadi darajani, yaani vipande viwili vinavyoinua nyuzi kila mwisho, ni inchi 22.5, yaani mm 571.5. Daraja na nati ni vipande vya engo ya chuma vilivyokatwa Kamukunji, Nairobi. Nyuzi zimekaa sambamba mwanzo hadi mwisho: mm 10 kati ya uzi na uzi, mm 50 kutoka wa kwanza hadi wa sita, na ziko mm 15 juu ya ubao. Ninataka mpangilio wa noti wa C6, yaani kutoka uzi mnene C E G A C E. Kazi yake ni kantri na nyimbo za kanisani.

Pikapu (sumaku na koili ya waya, zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) nilizo nazo ni singo koili, yaani ya koili moja, ya aina ya Strat iliyong'olewa kwenye gitaa bovu (multimita inasoma 5.8k, yaani ohm 5,800), ya darajani ya aina ya Telecaster (7.1k), na hambaka (ya koili mbili zinazofuta mvumo) ya Kichina isiyo na jina yenye nyaya nne na waya wa ngao, hiyo sijaipima.

Maswali:

Ipi kati ya hizo? Ikae umbali gani kutoka darajani? Kuna video inasema lazima iwe chini ya freti (alama ya noti) ya 24 kwa sababu ya nodi, yaani sehemu ya uzi isiyotetema. Niichimbie shimo au niifunge juu kwa bamba? Fundi wa jua kali amenishauri kifuniko cha mabati juu yake, kama kwenye picha za zamani.

La mwisho: kwa majaribio nimefunga seti ya nyuzi za gitaa la akustika na kuishikilia pikapu ya Strat chini yake. Nyuzi nene zinasikika kwa mbali sana, nyembamba zinapiga kelele. Na mvumo ni mwingi. Pikapu imekufa nusu?

---

Koili_Mbili

Pikapu haijafa, tatizo ni nyuzi. Za akustika huviringishiwa bronzi, na bronzi haina habari na sumaku. Pikapu inasikia metali zinazovutwa na sumaku peke yake, kama chuma na nikeli, kwa hiyo kwenye nyuzi nene inasikia kile kiini chembamba cha ndani tu, wakati nyembamba ni chuma kitupu toka nje hadi ndani. Nunua za gitaa la umeme, zilizoviringishiwa nikeli. Lakini usichukue seti ya kawaida ya .010 hadi .046 (unene kwa inchi) ukaivuta iwe C6: uzi wa sita utakaza kupita kiasi kabla haujafika C, na ule wa .010 utalegea kwenye kipimo kifupi hivyo. Kwa 22.5 anza na .015, .018, .022, .026, .030, .036, kutoka nyembamba kwenda nene. Ukikosa seti ya lapu stili, maduka mengine ya vyombo vya muziki mjini huuza uzi mmoja mmoja.

Sasa pikapu. Watu huanza na jina na sumaku. Kwa gitaa la kujitengenezea anza na nafasi ya nguzo (vile vipande sita vya chuma vinavyokaa chini ya nyuzi), kwa sababu daraja lako halibadiliki tena. Pima kwa venia kutoka katikati ya nguzo ya kwanza hadi katikati ya nguzo ya sita. Strat huwa karibu mm 52, Telecaster ya darajani mm 54 hadi 55, hambaka ya kawaida mm 49 hadi 50, na zile pana mm 52 au 53. Nyuzi zako ni mm 50. Strat inapishana nazo kwa mm 1 kila upande, na hiyo sikio halitaiona. Telecaster inapishana kwa mm 2.5, hapo uzi wa kwanza na wa sita unatembea nje ya nguzo na sauti yake inapungua. Ukiing'ang'ania, ilaze mshazari: kwa digrii 25, mm 55 inakuwa mm 50. Ila hapo mwisho mmoja wa pikapu unakuwa mm 23 mbele ya mwingine, na uzi mwembamba ukiwa karibu hivyo na daraja unalia kama bati. Mimi ningeiweka kando.

Pikapu ya reli, yenye bapa moja refu badala ya nguzo sita, haina shida hii kabisa. Ukiwahi kujenga ya nyuzi 8, nenda nayo moja kwa moja.

Pili, angalia urefu wa nguzo za hiyo Strat. Kama zimepanda na kushuka, ilitengenezwa kwa ubao wa vidole uliopinda na kwa nyuzi zenye unene wa gitaa la kawaida. Kwako nyuzi zote ziko kwenye mstari mmoja bapa na zina unene mwingine, kwa hiyo uzi mmoja utapiga kelele na jirani yake atanong'ona. Utashawishika kuzisukuma nguzo zilingane. Kabla hujasukuma, igeuze utazame chini. Ukiona sumaku ya mraba imegandishwa chini ya koili, nguzo ni chuma cha kawaida ndani ya plastiki na zinaweza kusukumwa polepole. Usipoiona, nguzo zenyewe ndizo sumaku za alniko (aina ya aloi ya sumaku), na mara nyingi waya umeviringishwa moja kwa moja juu yake. Ukisukuma unakata waya wenye unene wa mm 0.06, na pikapu imekwisha.

Kuhusu namba za multimita: 5.8k ni ya kawaida kabisa kwa Strat, na 7.1k ni ya kawaida kwa Telecaster. Ikisoma 1 au OL kwenye 20k, waya umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, kuna mahali pameshikana. Zaidi ya hapo usiitumie namba hiyo kulinganisha nguvu za pikapu mbili tofauti, kwa sababu waya mwembamba zaidi hupandisha upinzani bila kuongeza sauti kwa kiasi hichohicho. Hata joto la chumba huisogeza, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii.

Kura yangu ni hambaka kama ni nzima. Nguzo zake zinalingana na nyuzi zako, zina skrubu za kupandisha mojamoja upande mmoja, na stima ya Nairobi haitakusumbua sana. Ipime uje na matokeo.

---

Randa_na_Patasi

Naunga mkono nafasi ya nguzo. Mimi niseme kuhusu mahali na shimo.

Hiyo ya nodi ya freti ya 24 iache. Ni kweli pale pana nodi ya uzi ukiwa wazi, lakini lapu stili haichezwi wazi. Ukiweka chuma freti ya 5 uzi umekuwa mfupi na nodi zote zimehama, ila pikapu haijahama. Hesabu ya kwako ni hii: pikapu ikiwa mm 36 kutoka darajani, hiyo ni asilimia 6 ya uzi ulio wazi. Chuma kikifika freti ya 12 umebaki na mm 286, na pikapu iko kwenye asilimia 13. Freti ya 24 umebaki na mm 143, sasa ni asilimia 25. Kwa hiyo sauti inanenepa yenyewe kadiri unavyopanda. Swali la maana ni unataka ianze nyembamba kiasi gani huku chini.

Mm 36 nimeitoa kwenye Strat: pikapu yake ya darajani iko wastani wa mm 41 kwenye kipimo cha inchi 25.5, na ukipunguza kwa uwiano wa 22.5 unapata 36. Hiyo ni kali, ya kantri. Kwa kanisani, ambako nyuzi zinaachwa zilie ndefu, sogea mm 50 hadi 60. Usizidi 70, kwa sababu 71 ndipo freti ya 36 ilipo, na pia mkono wa kulia utakosa pa kukaa. Mkono huo huchapa nyuzi mm 90 hadi 120 kutoka darajani, na ubavu wa kiganja hushuka kuzima nyuzi juu ya pikapu yenyewe. Ndiyo maana skrubu za kurekebisha urefu zisisimame juu ya pikapu. Zitakukwaruza kila ubeti.

Kama huna uhakika, usichimbe shimo la saizi ya pikapu. Chimba mfereji wenye upana wa pikapu pamoja na mm 2, uanze mm 25 kutoka darajani uishie mm 85. Telezesha pikapu humo, sikiliza, ukiridhika ifunge, kisha funika mfereji kwa bamba lenye tundu la pikapu. Mvule wa mm 44 hautadhoofika kwa mfereji wa kina kifupi.

Kina usikikisie. Chukua urefu wa pikapu kutoka kitako hadi ncha ya nguzo, jumlisha mm 3 za mwanya chini ya nyuzi, toa urefu wa nyuzi juu ya ubao. Hicho ndicho sehemu itakayozama. Kisha ongeza mm 5 au 6 za sponji na waya. Kwa Strat ya mm 18: 18 + 3 – 15 = 6, ongeza 6, shimo ni mm 12. Wengi huiga kina cha gitaa la kawaida, mm 19, halafu pikapu inazama na skrubu hazifiki. Hambaka ina skrubu zinazotokeza chini, basi pima hadi kwenye ncha zake. Masikio yake yaliyokunjwa chini yanahitaji vishimo viwili vyenye kina zaidi pembeni, yatobolee kwa biti ya mm 12.

Mvule una tabia zake. Ndani yake mara nyingine mna vijiwe vya chokaa, na rauta ikikutana navyo makali yanaisha papo hapo. Ukisikia mlio umebadilika au ukaona doa jeupe, simamisha, malizia hapo kwa patasi usiyoionea huruma. Teremka mm 3 kwa kila mzunguko, usijaribu 12 kwa mkupuo mmoja. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua, vaa barakoa. Skrubu za mm 3 zitobolewe kwanza kwa biti ya mm 2 na kupakwa sabuni ya kipande, la sivyo zinakatika shingo zikiwa ndani.

Namna ya kuifunga: hambaka ifungwe moja kwa moja kwenye mbao. Toboa matundu ya masikio yafike mm 3.2 ili skrubu ya mbao ipite bila kung'ata, weka sponji ngumu ya mm 8 chini (vipande vya kandambili vinafaa, vinasukuma vizuri kuliko godoro), kaza hadi urefu unaoutaka. Kabla ya kutoboa, funika pikapu yote kwa selotepu. Chembe za chuma zikishikwa na sumaku hazitoki, na zikipenya kwenye koili zinaunganisha waya. Kwa sababu hiyohiyo usiiache pikapu mezani unapopiga tupa engo.

Mabati hapana. Mabati ni chuma kilichopakwa zinki, yanavuta sumaku. Ukiyalaza juu ya pikapu yananyonya uga uliopaswa kufika kwenye nyuzi, sauti inashuka na kuwa butu. Bamba la kuzunguka pikapu liwe alumini ya mm 1.5 au 2, au plastiki. Na hizo picha za zamani unazozisema, nyingi si mapambo. Rickenbacker ya kwanza, ile ya alumini iliyoanza kuuzwa 1932, ilikuwa na sumaku mbili za kiatu cha farasi zilizopita juu ya nyuzi, na nyuzi zilipita katikati. Hicho kilichofunika nyuzi kilikuwa pikapu yenyewe.

---

waya_wa_ardhi

Mmemaliza mbao, mimi nichukue mvumo.

Fanya vipimo hivi ampu ikiwa imewashwa na sauti iko katikati:

Ukigusa nyuzi mvumo unapungua: waya wa ardhi uko sawa, kinachokosekana ni ngao. Ukigusa na hakuna kinachobadilika: daraja halijaunganishwa na ardhi. Ukigusa unaongezeka: umegeuza nyaya, ule moto uko kwenye ardhi. Ukilizungusha gitaa kama dira na mvumo unapanda na kushuka: hiyo ni sumaku ya transfoma inaingia kwenye koili, na hakuna foili itakayoizuia. Dawa yake ni hambaka au kukaa mbali na ampu.

Usishangae pia mvumo ukionekana una noti. Stima yetu ni 50 Hz, na G ya chini kabisa kwenye piano ni 49. Ile 100 Hz inayotoka kwenye ampu iko jirani na G nyingine ya 98. Kwenye C6 uzi wako mmoja ni G, kwa hiyo singo koili inakupa G ya bure isiyolingana na yako. Hapo namuunga mkono Koili_Mbili.

Daraja lako ni chuma, kwa hiyo ni rahisi: menya waya sm 3, ulaze chini ya engo kabla ya kuikaza, mwisho mwingine uende mgongoni mwa poti (kidhibiti cha kuzungusha cha sauti au toni). Kwaruza rangi au kutu ya engo pale waya unapogusa. Pima kwa multimita kutoka uzi wowote hadi sehemu ya nje ya jeki (tundu la kuchomekea kebo), isome chini ya ohm 1. Chuma cha mkononi kikigusa nyuzi, mwili wako wote unakuwa ardhini, ndiyo maana lapu stili iliyofungwa vizuri hutulia mno ukianza kucheza.

Shimo lipake foili ya shaba yenye gundi inayopitisha umeme. Foili ya jikoni inakinga pia, ila solda haishiki juu yake, itabidi uibane kwa skrubu na washa. Hakikisha vipande vyote vinasomana.

Poti: hambaka A500K, singo koili A250K. Kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi, utapewa B (inayopanda kwa kiwango kilekile) haraka kuliko A (inayopanda polepole mwanzoni) kwa sababu B ndiyo inayouzika. Sisitiza A kwa volyumu, la sivyo sauti yote inakaa kwenye robo ya kwanza ya mzunguko. Na angalia upana wa mwili wako: mm 100, nyuzi zimechukua 50, umebaki na 25 kila upande. Poti kubwa ina kipenyo cha karibu mm 24, haiachi ukuta wa mbao. Chukua ndogo za mm 16, au uziweke nyuma ya daraja. Ya toni iwe mahali kidole kidogo cha mkono wa kulia kinafika, maana kuifungua na kuifunga huku uzi unalia ndiyo ile sauti ya kulialia ya steel za zamani.

Kuunganisha: shika poti mhimili ukikutazama, miguu chini. Kushoto ardhi (ukunje, uuchomee mgongoni), kulia pikapu, katikati jeki. Toni: kutoka mguu wa kulia wa volyumu kwenda mguu wa kushoto wa toni, na kapasita kutoka mguu wa kati wa toni hadi mgongoni. Kapasita 0.022 µF kwa hambaka, 0.047 kwa singo koili. Mgongo wa poti ukwaruze kwa msasa kwanza na utumie pasi ya solda ya wati 40 au zaidi. Ya wati 25 inakaa pale dakika nzima, inapika poti ndani na solda haijashika.

Jeki usiiweke upande wa tumboni. Upande wa mbali au kwenye kisigino.

Na hili halina mjadala: usikate waya wa ardhi wa plagi ya ampu ili kuua mvumo. Nyuzi, chuma cha mkononi na mikono yako vyote vimeunganishwa na bodi ya ampu. Ampu ikivuja na ardhi haipo, ukasogeza mdomo kwenye maikrofoni ya mashine nyingine, 240 V inapita kifuani. Ekstensheni nyingi za kumbini zina pini tatu lakini ndani nyaya ni mbili. Zifungue uangalie.

---

Stili_ya_Kantri

Nipinge kidogo. Kwa kantri, hambaka yenye nguvu inakula ule mlio wa kioo. Hambaka za bei nafuu zenye sumaku ya keramiki husoma 14k au 15k, na kwenye uzi wa .036 karibu na daraja inatoka tope. Kama Strat ina nguzo bapa, ningeanza nayo kwenye mm 40 nikavumilia mvumo. Faida nyingine ya lapu stili: nyuzi hazibonyezwi hadi kwenye ubao, kwa hiyo pikapu inaweza kupanda karibu zaidi kuliko kwenye gitaa la kawaida bila uzi kuigonga.

Tumia biti ya drili ya mm 3 kama kipimo, ipitishe kati ya nguzo na uzi. Panda robo mzunguko kila mara. Uzi ukianza kutetema kama noti mbili zinazopishana, sumaku inauvuta, shuka nusu mzunguko. Nguzo za alniko ndizo zenye tabia hiyo zaidi.

---

Gogo_la_Mvule

Asanteni sana wakubwa. Nimebadilisha nyuzi, na zile nene zimerudi. Strat nimeigeuza: haina sumaku chini na nguzo zimepanda na kushuka, kwa hiyo sizigusi.

Hambaka: nyekundu na nyeupe zinasoma 4.1k, kijani na nyeusi 4.2k, ngao haisomani na chochote isipokuwa bamba la chini. Nguzo mm 50. Urefu pamoja na skrubu za chini ni mm 22. Rangi hizi nimezikuta kwenye michoro mitatu tofauti na kila mmoja unasema lake. Nifuate upi? Na nikiigonga kwa kalamu inasikika kwenye ampu kama maikrofoni.

---

Koili_Mbili

Hiyo ni nzima, na 8.3k kwa jumla si ile ya tope aliyoisema Stili_ya_Kantri. Michoro iache yote, rangi hutegemea kiwanda.

Weka multimita kwenye 20k. Shika nyaya za koili ya kwanza, nyekundu kwenye pini nyekundu ya mita. Laza bisibisi ya chuma juu ya nguzo za koili hiyo, kisha ing'oe kwa ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa nukta moja halafu irudi. Ikiruka juu, waya ulio kwenye pini nyekundu uuandike "+". Ikiruka chini, "+" ni ule mwingine. Rudia kwa koili ya pili kwa namna ileile, kung'oa kwa kung'oa, usichanganye na kulaza. Kisha unganisha "–" ya koili ya kwanza na "+" ya ya pili, chomea solda na uvishe mpira. "+" iliyobaki inaenda kwenye volyumu, "–" iliyobaki pamoja na ngao zinaenda ardhini. Ukikosea utajua mara moja: sauti nyembamba, ndogo, isiyo na besi, na mvumo umeongezeka badala ya kupungua. Geuza koili moja tu.

Ukitaka ule mlio wa kioo wa kantri, chukua swichi ndogo ya kuwasha na kuzima, iunganishe kati ya kile kiungo cha katikati na ardhi. Ikiwashwa koili moja inazimika. Mvumo unarudi, lakini unakuwa na sauti mbili kwa pikapu moja.

Kuhusu kalamu: kidogo ni kawaida. Ikipiga mluzi ukipandisha sauti, koili zimelegea na zinahitaji nta. Mishumaa ya kawaida minne kwa kipande cha nta ya nyuki, kama 80 kwa 20 kwa uzito, kwenye mkebe uliowekwa ndani ya sufuria ya maji. Kipimajoto kisome 65, kisizidi 70 maana plastiki ya koili inapinda. Usiweke mkebe moja kwa moja kwenye jiko, nta inashika moto. Zamisha pikapu dakika 15 hadi 20, hadi vipovu viishe, toa, futa, iache ipoe bila kuigusa.

---

Randa_na_Patasi

Kwa mm 22: 22 + 3 – 15 ni 10, pamoja na 5 za sponji, chimba mm 15. Vishimo vya masikio pima sikio lenyewe linashuka kiasi gani chini ya bamba, kisha ongeza mm 6. Katikati ya pikapu nzima iwe mm 48 kutoka darajani. Upande wenye skrubu uelekee darajani, ili ukitumia swichi ya Koili_Mbili na kubakiza koili hiyo, usogee hadi karibu mm 39, ambako ni kantri tupu.

---

waya_wa_ardhi

Basi koili ya kuzimwa iwe ile isiyo na skrubu. Swichi inazima koili iliyo kati ya kiungo na ardhi, kwa hiyo katika maelezo ya Koili_Mbili "koili ya kwanza", ile inayokwenda kwenye volyumu, ndiyo yenye skrubu. Ijue kabla ya kuchomea: gusa bisibisi kwenye nguzo za skrubu huku mita iko kwenye nyekundu na nyeupe. Namba isiporuka, skrubu ni za kijani na nyeusi.